Barabara ya bondeni inabonyea

SWALI: Barabara yetu hapa Kabale inakatiza bonde la mafunjo. Lori la kwanza la kokoto lilipita salama. Kufikia jioni, baada ya mengine kupita, njia ilikuwa imebonyea. Mbona, ilhali mzigo ulikuwa uleule?

JIBU: Chini kuna mboji, mabaki ya mafunjo yasiyooza kabisa. Maji yake huweza kuzidi uzito wa udongo wenyewe mkavu mara 5. Kila lori huyabana. Yasipopata muda wa kutoka, shinikizo hulimbikizana, nyuzi zinaachiana, udongo unalegea. Ukipumzishwa, hujikamua na kukaza tena. Kwa hiyo, tafadhali, msiharakishe: jazeni kifusi kwa tabaka nyembamba, mkiacha wiki kadhaa katikati, juu ya matandiko ya matawi. Mhandisi George Stephenson alitandika hivyo chini ya reli yake kwenye kinamasi cha Chat Moss, Uingereza. Reli ile ya 1830 ingali inapitisha treni.