SOMO: Shule Ikifungwa, Kumbukumbu Zisifungwe

Somo la robo hii linahusu shule za zamani za vijijini zilizokwisha kufungwa. Kamati nyingi huuliza tufanye nini na majengo yake. Kabla ya kujibu, tujiulize: nani bado anakumbuka yaliyotendeka ndani yake?

Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli walitwaa mawe kumi na mawili kutoka Yordani ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wapate kuwajibu. Jiwe peke yake halisemi. Lahitaji mzazi wa kulisimulia.

Mfano wa Kiungani

Huko Kiungani, Zanzibar, Wamisionari wa UMCA walikuwa na shule iliyopokea wavulana waliookolewa utumwani. Baadhi yao waliandika habari zao wenyewe: walikotoka, jinsi walivyokamatwa na njia waliyopitishwa. Habari hizo zilihaririwa na A. C. Madan na kuchapishwa London mwaka 1887. Katika miaka ya 1920 kazi ya shule ilihamia Minaki, bara. Kwa sababu wavulana wale waliandika wakiwa hai, leo tunayajua maisha yao kwa maneno yao wenyewe.

Shule zetu za vichakani, zilizoendeshwa na walimu wenyeji, mara nyingi hazikupata nafasi hiyo. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za mashirika ya dini zilichukuliwa na Serikali. Shule ndogo iliyokuwa imekwisha kufungwa haikuwa na wa kuirithi. Daftari zake zilibaki majumbani mwa watu.

Tulilojifunza kwa uchungu

Katika mtaa mmoja tulipanga kumtembelea mzee aliyesoma katika shule ya namna hiyo. Tukasema, "Tungoje mavuno yaishe." Mavuno yalipoisha, tulikwenda kumzika. Msibani mjukuu wake alituletea daftari la mahudhurio, nusu limeliwa na mchwa. Majina tuliyaona, lakini aliyeweza kutuambia walikuwa nani alikuwa kaburini. Kosa lilikuwa letu.

Hatua za kufuata

1. Orodhesheni wazee waliosoma au kufundisha pale, mkianza na wenye umri mkubwa na wagonjwa. Msingoje bajeti.

2. Nendeni wawili: mmoja aulize, mwingine aandike au arekodi kwa simu. Ombeni ridhaa kwanza, na mweleze habari zitatunzwa wapi.

3. Ulizeni maswali yenye kufungua mlango. "Shule ilikuwa nzuri?" huleta jibu la neno moja. Bora: "Tueleze siku yako ya kwanza. Karo ililipwaje? Nani katika familia hakupelekwa shule, na kwa nini?" Swali hili la mwisho ndilo huwaleta akina mama waliobaki nyumbani. Nao wahojiwe.

4. Msifute machungu. Mzee akisimulia viboko, au watu wawili wakitofautiana kuhusu sababu ya shule kufungwa, andikeni yote na jina la kila msemaji. Asiyetaka jina lake liandikwe aheshimiwe.

5. Picha ziandikwe majina nyuma kwa penseli laini, kuanzia kushoto kwenda kulia. Nyaraka ziwekwe kwenye sanduku kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni. Nakala moja ibaki usharikani, nyingine ipelekwe ofisi ya Dayosisi.

6. Someni mliyokusanya mbele ya wazee wenyewe ili wasahihishe, kisha mbele ya vijana.

Kwa wahisani wetu

Kazi hii haihitaji jengo. Yahitaji daftari, nauli, sanduku na muda wa watu wa kujitolea. Haitaonekana kwa mbali kama kisima, lakini kisima kikikauka huchimbwa kingine. Mzee akiondoka na habari zake, hatuna pa kuchimba.

Maswali ya majadiliano

a) Katika mtaa wetu, ni nani aliyesoma katika shule iliyofungwa?
b) Daftari na picha za shule hiyo ziko nyumbani kwa nani?
c) Kabla ya kubomoa au kukarabati jengo la zamani, tumemuuliza nani?
d) Tutamtembelea nani wiki hii?

Swali (d) lijibiwe kwa jina na tarehe kabla ya kufunga kikao.