Kabine imebadilisha mikono: dosie yako ni ya nani?

Tuseme wewe ni mvuvi wa Vitshumbi. Walinzi wa mbuga ya Virunga walikukamata ziwani, nyavu zikachukuliwa, ndugu wakachanga pesa za avoka wa Goma. Miezi imepita. Leo unapiga simu, anaitika mtu usiyemjua: "Yule alihama. Kabine ni yetu sasa, na dosie yako iko hapa." Tangu waasi wa M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, habari ya namna hiyo haishangazi tena.

Meza na viti vinauzwa. Jina la mlangoni linabadilishwa. Wewe huuzwi pamoja navyo. Kazi ulimpa avoka, hukuipa nyumba anayopanga. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba (ndiyo, ya enzi za Leopold II, na bado inatumika) inasema uwakilishi unakoma ukimwondoa mwakilishi, akijiondoa mwenyewe, au akifa. Akifa, warithi wake wanapaswa kukujulisha na kushughulikia ya haraka wakati unatafuta mwingine. Hawana ruhusa ya kukugawa kama shamba la marehemu.

Kwa hiyo ukitaka kubaki na hao wapya, baki, lakini kwa ridhaa yako iliyoandikwa. Ukikataa, andika barua fupi ya kuomba dosie, watie sahihi ya kupokea kwenye nakala, kisha dosie uipeleke kwa avoka uliyemchagua. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 19, inakupa mtetezi unayemtaka mwenyewe tangu hatua ya polisi. Kabla ya kulipa, uliza kwa batonie, mkuu wa baro (chama cha maavoka), kama jina la huyo mpya limo kwenye orodha yao. Na wakikuambia mfanyabiashara fulani ndiye amenunua kabine, shtuka: ordonansi-sheria nambari 79-028 ya 28 Septemba 1979 hairuhusu kuchanganya uavoka na biashara.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Vitshumbi, mara nyingi wanaokamatwa ni vijana wa mtumbwi, na anayelipa avoka ni mwenye mtumbwi. Siku moja maslahi yao yanaachana: kijana anasema alitumwa kuvua mahali palipokatazwa, tajiri anasema hakumtuma. Hapo avoka mmoja hawezi kuwatetea wote wawili, hata kama pesa zote zimetoka mfuko mmoja. Anayelipa si lazima awe ndiye anayetetewa. Kabine mbili zikiungana, shida hiyohiyo inaingia kimyakimya, kwa sababu dosie ya tajiri na ya kijana zinalala kabati moja. Uliza wazi: "Mnamtetea nani mwingine katika kesi hii?" Mambo uliyomwambia avoka wa kwanza yanabaki siri: kifungu cha 73 cha kitabu cha pili cha sheria ya jinai kinamwadhibu anayetoa siri aliyoipata kwa kazi yake. Mgogoro wa malipo au wa dosie iliyozuiwa unapelekwa kwa batonie, na asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa bure wa baro.

Lakini usingoje barua zijibiwe huku kesi yako imekwisha kukatwa. Kwenye jinai, rufaa ina siku 10 tu tangu hukumu isomwe mbele yako. Kwenye madai ni siku 30, tangu ujulishwe rasmi.