Dawa za Moyo: Zikichanganywa Ovyo Hudhuru

Juma hili tuzungumzie ugonjwa ambao wengi wetu katika sehemu za Nangina, Funyula, Busia na Malaba huudhania kuwa uzee au hata kurogwa: moyo kushindwa kufanya kazi yake.

Moyo ni pampu. Ukidhoofika hausimami, bali hushindwa kusukuma damu ya kutosha. Basi maji hujikusanya mwilini. Miguu huvimba, mgonjwa huhema akitembea kidogo tu, na usiku hawezi kulala ila ameegemea mito miwili au mitatu.

Si ugonjwa wa wazee pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ukiongozwa na Albertino Damasceno wa Msumbiji, uliwachunguza wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Karibu nusu yao, asilimia 45, chanzo kilikuwa shinikizo la damu.

DAWA NZURI, HATARI ILIYOFICHIKA

Ugonjwa huu una dawa. Furosemidi (wengi huiita Lasix) hutoa maji mwilini. Enalaprili humpunguzia moyo mzigo. Spironolaktoni (Aldactone) huukinga moyo, lakini pia huzuia madini ya potasiamu yasitoke kwa mkojo. Enalaprili nayo hufanya vivyo hivyo. Potasiamu ikizidi katika damu, moyo unaweza kusimama ghafla bila dalili ya kumtahadharisha mgonjwa.

Mwaka 1999 utafiti wa wagonjwa 1,663 ulionyesha kuwa spironolaktoni ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Madaktari walifurahi, wakaiandika kwa wingi. Ndipo daktari mtafiti wa Kanada, David Juurlink, akachunguza na wenzake kilichowapata wazee wa jimbo la Ontario waliokuwa wakitumia dawa za jamii ya enalaprili baada ya kulazwa kwa ugonjwa huu. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Kati ya 1994 na 2001, maagizo ya spironolaktoni yalipanda kutoka 34 hadi 149 kwa kila wagonjwa 1,000. Waliolazwa kwa sababu ya potasiamu kuzidi walipanda kutoka 2.4 hadi 11 kwa kila 1,000, na waliokufa nayo kutoka 0.3 hadi 2.

Je, dawa ilikuwa mbaya? La. Wagonjwa wa utafiti wa kwanza walichaguliwa kwa uangalifu na kupimwa damu mara kwa mara. Huko Tayside, Uskoti, utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa dawa hiyo ilitumika zaidi bila madhara kuongezeka hivyo, kwa kuwa upimaji wa damu nao uliongezwa. Kinachookoa ni dawa pamoja na kipimo.

SISI WA MPAKANI

Hapa kwetu mgonjwa anaweza kupewa dawa hospitalini, akanunua nyingine dukani mjini, na nyingine ng'ambo ya mpaka. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya kampuni. Usipoangalia, utameza dawa ile ile mara mbili ukidhani ni mbili tofauti. Soma jina dogo lililo chini ya jina la kampuni, au umwombe mfamasia akusomee.

Jihadhari pia na haya:

1. Diklofenaki na Brufen kwa maumivu ya mgongo au magoti. Hurudisha maji mwilini na kuzidhuru figo. Uliza daktari dawa nyingine.

2. Munyu wa kuchujwa kwa jivu, tunaolainishia mrenda. Una potasiamu nyingi. Ukitumia spironolaktoni au enalaprili, mwambie daktari.

3. Kuhara, kutapika au homa kali ya malaria. Mwili ukikaukiwa maji, dawa hizi huweza kuziumiza figo. Nenda zahanati siku hiyo hiyo uulize zipi zisitishwe kwa muda.

4. Mimba. Enalaprili humdhuru mtoto tumboni. Mwone daktari mara moja.

5. Kuacha dawa miguu ikinywea. Uvimbe umeondoka kwa sababu ya dawa. Ukiiacha, utarudi.

LA KUFANYA

Jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai. Ukiongezeka kilo mbili kwa siku tatu, hayo ni maji, si unene: nenda hospitalini. Punguza chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na iliyomo katika samaki wa chumvi.

Na kila uendapo kliniki, iwe Nangina au kwingineko, tia dawa zako zote katika mfuko mmoja, hata za kienyeji, uziweke mezani mbele ya daktari. Kisha muulize: "Daktari, figo na potasiamu yangu vilipimwa lini?" Hilo si kosa la adabu. Ni haki yako, na huenda likakuokoa maisha.