Mashua ya Baba: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya ni kwa mtoto aliyeamua kuifufua mashua ya familia huku mzee mwenyewe, nahodha wake, akiwa na ugonjwa wa kusahau. Yasome kabla hujampa fundi hata shilingi.

Anza hospitali, si ufukweni. Si kila anayesahau ana demensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, sonona, hata mchanganyiko wa dawa, vyote huvuruga kumbukumbu, na baadhi hutibika. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mkimbize: huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Wanaonong'ona habari za kurogwa wanyamazishe mapema.

Usimtahini. "Baba, hii inaitwaje? Huyu nani?" Acha kabisa. Mara nyingi ugonjwa huu huanza na ya jana, ya ujanani ukayaacha kwa muda, na ujuzi wa mikono huchelewa kuondoka. Aliyeshindwa kutaja jina la mjukuu anaweza bado kusokota pamba ya kalafati juu ya paja bila kuitazama.

Basi mpe kazi ya kweli, si ya kumpumbaza. Mkalishe kivulini upande wa tezi, nyuma ya mashua, mwekee pamba na kibakuli cha mafuta ya nazi, asokote. Mafundi wa Nungwi na Matondoni wanaijua pamba iliyosokotwa vizuri: nyembamba, haina fundo, inaingia baina ya mbao mbili kwa patasi butu na nyundo bila kukatika. Yake ikitoka nene, ipokee, mshukuru, uisokote upya akishaondoka. Usiifumue mbele yake. Tukio atalisahau, aibu itabaki kifuani.

Usimwache peke yake na tezo, keekee, wala sufuria ya shahamu inayoyeyushwa kwa ajili ya deheni. Chokaa ya deheni nayo huunguza macho. Rangi na thina zifungiwe kwa kufuli.

Fanyeni kazi asubuhi. Wengi wenye maradhi haya huanza kuhangaika jua likishuka, na makelele ya nyundo huzidisha.

Usimwambie kwamba bahari si yake tena. Akitaka kushua chombo wakati maji yamekupwa, mwambie maji bado, na hapo hukusema uongo. Akimwulizia baharia wake aliyekwisha kufariki, usimpe msiba uleule kila siku. Muulize walivukaje pamoja wakati wa kusi, kisha nyamaza usikilize.

Waambie watu wa dikoni. Mzee akionekana alfajiri karibu na maji, ashikwe mkono kwa adabu, arudishwe nyumbani.

Usikichovye kidole gumba chake kwenye wino ili mashua iuzwe au ihamishiwe jina. Asiyeelewa anachokubali hajakubali. Na mlioko Mombasa au Muscat, mnaotuma fedha, msitume na amri ndani yake. Anayemwogesha mzee asikilizwe kwanza.

Usibadilishe kila ubao. Gonga kwa nyundo ndogo: ubao mzima hulia, uliooza hutoa sauti nzito ya chini, na ncha ya kisu huzama ndani yake. Huo ng'oa. Lakini kiraka alichokipiga mzee mwenyewe, kama bado kinashika, kiache mahali pake hata kama fundi anakicheka.

La mwisho, na hili sitalilainisha. Mashua isiwe maficho. Kuna wana wanaoshinda ufukweni na randa, mtaa mzima unawasifu kwa kumuenzi baba yao, ilhali dada yao yumo ndani anabadilisha shuka kwa mara ya tatu na hajalala tangu juzi. Zamu za kumlea mzee ziandikwe kwanza, kwa majina, wanaume wakiwemo. Zamu za mashua zifuate. Fedha zikitosha jambo moja tu, mlipeni msaidizi wa nyumbani. Mashua ifunikeni kwa makuti, imwagieni maji ya chumvi mbao zisipasuke, ingoje.