Faili Likiharibika: Namna ya Kuokoa Kumbukumbu na Kuepusha Ugomvi



Katika vijiji na miji ya mpakani, tangu Mutukula hadi Busia na Malaba, daftari la karatasi limeanza kuipisha kompyuta. Orodha ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo, mihtasari ya mikutano ya kijiji, nakala za vibali vya kusafirisha mifugo, picha za alama za ng'ombe, hati za mauziano ya viwanja: yote hayo sasa huwekwa ndani ya kompyuta moja nyumbani kwa katibu au mweka hazina, au katika flashi ndogo inayotembea mfukoni.

Kumbukumbu hizo zinapopotea, hasara haiishii kwenye mashine. Mweka hazina akisema, "Faili limeharibika," wapo watakaomwamini, na wapo watakaosema kwamba amekula fedha na kuficha nyayo zake. Mfugaji aliyeibiwa ng'ombe naye hubaki bila picha ya kuonyesha upande wa pili wa mpaka. Somo hili linaeleza faili huharibika vipi, huokolewa vipi, na viongozi watatofautishaje hitilafu na hila.

Faili hukaa vipi ndani ya diski

Ifikirie diski kama ghala kubwa lenye vyumba vidogo vingi sana, pamoja na daftari la mlangoni. Daftari hilo huonyesha kila faili limewekwa katika vyumba vipi. Ukifungua faili, kompyuta husoma kwanza daftari, kisha huenda kuchukua mzigo chumba kwa chumba. Ukilifuta faili, kwa kawaida kompyuta hufuta jina katika daftari tu. Mzigo wenyewe hubaki pale hadi mzigo mwingine uwekwe juu yake. Ndiyo sababu faili lililofutwa huweza kurudishwa, na ndiyo sababu kuendelea kuitumia diski huua matumaini ya kulirudisha.

Kutokana na mpangilio huo, matatizo huwa ya aina nne.

Kwanza, daftari huvurugika. Chanzo chake mara nyingi ni umeme kukatika wakati kompyuta inaandika, au flashi kuchomolewa kabla kazi haijaisha.

Pili, mzigo wa faili moja huharibika huku daftari likiwa salama. Faili huonekana, lakini halifunguki au hufunguka likiwa na herufi zisizosomeka.

Tatu, diski yenyewe huchakaa. Diski ya kuzunguka ina sahani zinazokwenda kwa kasi ya mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea karibu sana na sahani bila kuigusa. Ikianguka au kutikiswa ikiwa kazini, kichwa huweza kukwaruza sahani, na sehemu zilizokwaruzwa hazisomeki tena.

Nne, kirusi huyaficha mafaili. Haya huenea sana kwa flashi zinazopita katika vibanda vya uchapishaji. Mwenye flashi huona vialama vya njia za mkato tu, hudhani kazi yake imepotea, kumbe mafaili yapo, yamefichwa.

Kanuni ya kwanza: nakili kabla ya kutengeneza

Watu wengi hukosea hapa. Zana za kutengeneza diski zimeundwa ili kulinyoosha daftari, si kukuokolea barua yako. Zikikuta faili lisiloeleweka, huweza kulikata au kulitupa ili mpangilio ulingane. Tena, diski inayokufa huzidi kuumia inapolazimishwa kusomwa saa nyingi. Kwa hiyo, ukiona dalili, acha kuandika chochote katika diski hiyo. Usiweke programu mpya ndani yake. Kompyuta ikikutaka uifomati flashi kabla ya kuitumia, kataa. Chomeka diski nyingine iliyo nzima, unakili mafaili yasiyo na mbadala kwanza. Nyimbo na filamu zitasubiri.

Ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga au kukwaruza, izime papo hapo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu, na kila dakika inayozunguka huongeza madhara.

Hatua za kuchunguza na kutengeneza

Hatua hizi ni za kompyuta zenye mfumo wa Windows, na zinachukulia kwamba diski yenye shida inaonekana kwa herufi E. Ikiwa kwako ni herufi nyingine, badilisha.

1. Anza na mambo mepesi. Badilisha waya na tundu la kuchomekea, kisha ijaribu diski katika kompyuta nyingine. Waya mbovu huleta makosa yanayofanana kabisa na ya diski mbovu.

2. Kagua kama mafaili yamefichwa. Ikiwa flashi inaonyesha kwamba nafasi imejaa ilhali haionyeshi mafaili, shuku kirusi. Usibonyeze njia ya mkato hata moja. Fungua dirisha la amri, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Mafaili yakijitokeza, yanakili mahali salama, na uikague kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi, la sivyo kirusi kitarudi.

3. Pima afya ya diski. Diski za kisasa hujiwekea kumbukumbu za makosa yao wenyewe. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu hizo na kueleza iwapo diski ni nzima, ina mashaka, au ni mbovu. Ikiwa idadi ya sehemu zilizohamishwa kwa sababu ya ubovu inapanda kila wiki, usihangaike kuitengeneza. Okoa kilichomo, kisha nunua nyingine. Fahamu pia kwamba kipimo kizuri si dhamana. Diski huweza kufa bila kutoa onyo.

4. Kagua daftari. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike: chkdsk E: bila kuongeza kitu. Amri hiyo husoma tu na kutoa taarifa, haibadilishi chochote. Ikitaja makosa, na nakala umeshazitoa, andika: chkdsk E: /f ili kuyarekebisha. Ukishuku sehemu mbovu katika diski ya kuzunguka, andika: chkdsk E: /r, ambayo hutafuta sehemu hizo na kujaribu kuokoa kinachosomeka. Kwa diski kubwa kazi hii huweza kuchukua saa nyingi, basi usiianze siku ambayo umeme hautabiriki. Kwa diski yenye mfumo wa kompyuta yenyewe, Windows itaomba ruhusa ya kufanya kazi hiyo kompyuta itakapowashwa tena.

5. Tazama vipande vilivyookotwa. Baada ya matengenezo huweza kutokea folda iliyofichwa yenye jina FOUND.000, na ndani yake mafaili yanayoishia na CHK. Hivyo ni vipande vilivyokosa jina. Usivifute kabla ya kuvichunguza.

6. Ikiwa shida ni ya Windows yenyewe, kwa mfano kompyuta inajizima au programu hazifunguki, andika: sfc /scannow ili mafaili ya mfumo yakaguliwe na yaliyoharibika yabadilishwe. Ikishindwa, tumia: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha urudie amri ya kwanza.

7. Kwa hati moja iliyoharibika, Word na Excel zina njia ya kufungua na kutengeneza kwa pamoja, inayopatikana pembeni mwa kitufe cha kufungua faili. Kwa picha zilizofutwa katika kadi ya kamera au simu, programu ya bure ya PhotoRec huweza kuzitafuta. Hakikisha zinazopatikana zinawekwa katika diski nyingine, si katika kadi ileile.

Diski zisizo na sehemu inayozunguka zina tabia yake. Nyingi husafisha mapema vyumba vya mafaili yaliyofutwa, kwa hiyo nafasi ya kuyarudisha ni ndogo. Nakala ya akiba ndiyo tegemeo lake.

Limeharibika, au limeharibiwa?

Tuseme chama chenye wanachama arobaini kinataka kugawana akiba ya mwaka, na mweka hazina anasema hesabu zimepotea. Viongozi wafanye nini kabla maneno hayajageuka ngumi?

Watazame kwanza kama kuna mafaili mengine yaliyoguswa. Diski inayochakaa haichagui. Picha za arusi na barua za shule huumia pamoja na hesabu. Faili likifunguka vizuri lakini miezi miwili haimo, hilo si kuharibika kwa kawaida. Kuna uwezekano mkubwa kwamba limehaririwa. Tarehe ya mwisho ya kubadilishwa kwa faili nayo husaidia, lakini isiwe ushahidi wa pekee, kwa sababu saa ya kompyuta huweza kubadilishwa au kukosea yenyewe betri yake ndogo inapokwisha.

Kisha walinganishe na kumbukumbu zilizo nje ya kompyuta: taarifa ya benki, ujumbe wa malipo ya simu, vitabu vidogo vya wanachama, stakabadhi. Mara nyingi hesabu hujengwa upya kutoka huko, na ukweli hujulikana bila kumwaibisha mtu asiye na kosa. Faili lililoharibika halithibitishi wizi, wala halimwondolei mtu wajibu wa kutoa hesabu.

Ikiwa baada ya hapo shaka ya jinai bado ipo, msijaribu tena kutengeneza. Kila amri inayoandika katika diski hubadilisha ushahidi. Kompyuta ikiwa imezimwa, isiwashwe. Ikiwa inawaka, msifungue wala kufuta kitu. Wasilianeni na kituo cha polisi. Andikeni ni nani alikuwa nayo, tangu lini, na nani aliigusa, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi. Mfugaji mwenye picha za mifugo iliyoibiwa afanye vivyo hivyo kwa kadi yake: aitoe katika simu, aihifadhi, na asipige nayo picha mpya.

Tahadhari kwa fundi na vifaa vya mitumba

Unapompelekea fundi kompyuta, toa kwanza nakala za siri kama inawezekana, na udai stakabadhi yenye namba ya mashine na namba ya diski. Fundi akibadilisha diski, mwombe akurudishie ile ya zamani. Ubovu wake hauzuii mwingine kusoma vitambulisho vyako.

Jihadhari na anayekupigia simu akidai kwamba kompyuta yako imetuma taarifa ya makosa na kwamba atakutengenezea ukimpa neno la siri au fedha. Huo ni utapeli.

Katika masoko ya mpakani huuzwa pia flashi zinazodanganya ukubwa. Huandikwa uwezo mkubwa, lakini zikijaa kiasi chake halisi, mafaili mapya huharibika kimyakimya. Programu ya bure ya H2testw hupima uwezo wa kweli. Ipime flashi ikiwa mpya na tupu. Nawe ukiuza diski ya kuzunguka, usitosheke na kufomati kwa haraka, kwa kuwa huko hufutwa daftari tu. Fomati kamili katika matoleo ya sasa ya Windows huandika juu ya diski nzima.

Kinga

Kanuni inayokubalika ni ya tatu, mbili, moja: nakala 3 za kila kumbukumbu muhimu, katika vifaa vya aina 2, na nakala 1 ikae mbali na nyumba ile. Kwa chama cha kijiji, nakala moja ibaki katika kompyuta ya katibu, nyingine katika diski ya nje kwa mwenyekiti, na ya tatu iwe mtandaoni au katika nyumba ya mjumbe mwingine, ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Kila mwisho wa mwezi, chapeni ukurasa wa hesabu na utiwe saini na wajumbe watatu. Karatasi hiyo haiguswi na kirusi.

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa isihesabiwe kuwa nakala. Ifungueni angalau mara moja kwa mwezi. Tumieni betri ya kuhimili umeme, na muiage flashi kwa utaratibu wa kompyuta kabla ya kuichomoa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ni hatari kuendesha amri ya kutengeneza kabla ya kunakili?
2. Flashi inaonyesha imejaa lakini haina mafaili. Utashuku nini, na utafanya nini kwanza?
3. Taja mambo mawili yanayoonyesha kwamba faili huenda limehaririwa, si kuharibika.
4. Kumbukumbu za chama chenu zina nakala ngapi leo, na ziko nyumbani kwa nani?

Swali la nne lijadiliwe katika mkutano ujao wa kijiji. Anayehitaji msaada katika suala lenye dalili za jinai afike kwa afisa wa polisi jamii aliye karibu naye, akiwa na kifaa chake kama kilivyo.