SOMO: Tuipime Sahani ya Chipsi Kuku

Leo tunaangalia chakula ambacho kila mtu wa Jericho anakijua. Ukishuka Jogoo Road jioni ukaingia mtaani, au ukipita Camp Toyoyo mechi ikiisha, harufu ya chipsi kuku ndiyo inakupokea.

Biashara hii si ya jana. Kampuni ya Kenchic ilianza mwaka 1984, na KFC ya Marekani ikaingia Nairobi mwaka 2011. Lakini wengi wetu tunanunua kibandani, na kibandani hakuna karatasi ya kueleza ndani ya chakula mna nini. Basi tujifunze kupima wenyewe.

Hatusemi ati mtu asile kuku. Tena tunajua kwamba katika vikundi vyetu wako akina mama wanaolipa karo kwa karai la chipsi. Somo hili ni la anayekula na pia la anayeuza.

Sahani moja ina nini?

Tuchukue sahani ya kawaida. Hesabu hizi ni za kukadiria, kwa sababu kila kibanda kina kipimo chake.

1. Chipsi gramu 200: nguvu kalori 600 hivi, mafuta gramu 30, protini gramu 7.
2. Robo kuku ya kukaanga na ngozi yake, nyama gramu 120 bila mifupa: kalori 320, mafuta gramu 18, protini gramu 30.
3. Soda ya mililita 300: kalori 126, sukari gramu 32. Hakuna kingine cha kujenga wala kulinda mwili.

Jumla ni kalori 1,050 hivi. Mtu mzima anahitaji kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku, kulingana na mwili na kazi yake. Kwa hiyo sahani moja na soda inafika karibu nusu ya siku nzima. Mafuta yake ni gramu 48, yaani vijiko vikubwa vitatu na nusu. Hebu fikiria kuyanywa hivi hivi!

Uzuri uko wapi, na ubaya uko wapi?

Kuku ni chakula cha kujenga mwili. Mtoto anayekua anahitaji protini hiyo. Hata kiazi si adui: kikichemshwa, gramu 100 zina kalori 87 tu na mafuta karibu hayapo. Kikikaangwa, maji yanatoka na mafuta yanaingia, nacho kinafika kalori 300. Kwa hiyo tusilaumu kiazi, tuangalie karai.

Pia tuangalie chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na sosi. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Utafiti wa Wizara ya Afya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu. Ugonjwa huu hauumi mapema. Mtu anatembea nao akidhani yuko sawa, mpaka siku anapoanguka.

Na je, mboga iko wapi katika sahani hii? Haipo. Kachumbari kidogo ya pembeni haitoshi.

Anayeuza afanye nini?

- Kata viazi vinene. Chipsi nyembamba hunywa mafuta zaidi.
- Weka chipsi wakati mafuta yamepata moto vizuri, kisha zichuje kabla ya kupakua.
- Mafuta yakiwa meusi, yakitoa povu au moshi upesi, au yakinuka, yabadilishe. Kuongeza mapya juu ya mabovu hakuyatengenezi.
- Kuku aive hadi kwenye mfupa, asibaki na damu.
- Mwachie mteja chumvi aweke mwenyewe. Uza kachumbari ya kutosha na maji ya kunywa, si soda tu.

Anayekula afanye nini?

- Toa ngozi ya kuku. Mafuta mengi yako hapo.
- Gawana chipsi na mwenzako, kisha ongeza sukuma wiki nyumbani.
- Usifanye chipsi kuwa chakula cha kila siku cha mtoto. Vikombe viwili vya maharagwe yaliyochemshwa vina protini kama ile ya robo kuku, na mafuta kidogo sana. Hesabu pia tofauti ya bei!

Zoezi la kikundi

Kwanza, mwekeni mtu mmoja apime sukari vijiko vinane vya chai ndani ya glasi. Hiyo ndiyo sukari ya soda moja ya mililita 300. Pitisheni glasi, kila mmoja aione.

Pili, pimeni mafuta kwa chupa kabla ya kukaanga, halafu mpime tena yakipoa. Sehemu kubwa ya yaliyopungua imeingia ndani ya chakula. Muuzaji ataona pesa zake zimeenda wapi, na mnunuzi ataona amekula nini.

Maswali ya kujadili

1. Katika wiki moja, nyumba yako inakula vyakula vya kukaanga mara ngapi?
2. Nani katika kikundi amepimwa shinikizo la damu mwaka huu? Ambao hawajapimwa wataenda lini?
3. Wanachama wanaouza chipsi wanaweza kubadilisha jambo gani moja bila kupoteza wateja?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi. Baada ya miezi mitatu myasome tena, muone ni lipi mlilotimiza.