Jeni Mbili za Gama na Ushahidi wa Komba

Jeni ikijirudufu, hutokea nini?

Yai au mbegu ya kiume inapotengenezwa, kipande cha DNA huweza kujirudia. Mtoto huzaliwa na jeni mbili mahali ambapo mzazi alikuwa na moja. Mwaka 1970 Susumu Ohno aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili: nakala moja ikishika kazi ya zamani, ya pili ina nafasi ya kubadilika. Nyingi huharibika tu.

Hubadilika kile inachotengeneza?

Si lazima. Huweza kubadilika wakati inapofanya kazi, na hapo ndipo pananivutia zaidi. Chukua jeni za gama za himoglobini. Binadamu tunazo mbili, zimepakana kwenye kromosomu ya 11, na protini zake hutofautiana kwa asidi amino moja tu, ya 136. Zote hufanya kazi sana mtoto akiwa kijusi tumboni, kisha hufifia baada ya kuzaliwa.

Mnajuaje kwamba zamani hazikuwa hivyo?

Ushahidi anao komba, huyuhuyu anayewanywea wagema tembo minazini. Ukoo wake ulitengana na wa kima, sokwe na binadamu kabla gama haijajirudufu, kwa hiyo anayo moja tu. Kwake huwaka mimba ikiwa changa kabisa, kisha huzimwa mapema.

Pengine komba ndiye aliyebadilika?

Swali la haki, na ndiyo sababu mnyama mmoja hatoshi. Panya na sungura nao wana jeni inayolingana na gama, na huwaka mapema vilevile. Kudai kwamba hao wote walibadilika, kila ukoo kivyake, na sisi ndio tuliobaki na hali ya kale, ni kulazimisha mambo.

Tahadhari moja: nakala jirani huazimana herufi za DNA, zikafanana kupita umri wake. Anayehesabu tofauti peke yake atadhani zilijirudufu juzi, ilhali hata kima wa Amerika Kusini wamerithi urudufu huohuo, kwa hiyo ni wa kale.

Mgonjwa wa selimundu anahusikaje?

Sana. Kichanga mwenye selimundu hupata nafuu miezi ya mwanzo kwa kuwa himoglobini ya kijusi, ile inayojengwa kwa gama, ingali nyingi damuni. Dawa ya haidroksiurea huipandisha tena. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe ili kudhoofisha BCL11A, jeni inayoizima gama.